SOMO LA WIKI: Kukagua gitaa la umeme la zamani kabla ya kutoa fedha

Fedha za kahawa zinapoingia mikononi, mfanyabiashara wa Kayanga au Nkwenda huletewa kila aina ya kitu anunue. Kimoja kinachotaka macho makali ni gitaa la umeme la kisanduku, yaani lenye uwazi ndani na matundu mawili ya umbo la herufi "f" usoni. Yalitamba miaka ya 1950 na 1960, mengine yakitoka Ujerumani (Höfner, Framus) na mengine Marekani (Gibson, Gretsch). Jina lililoandikwa kichwani halitoshi kupanga bei.

Mnunuzi aanze na shingo. Daraja linalobeba nyuzi huwa na skrubu mbili za kulipandisha na kulishusha. Likiwa limeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, shingo imeinuka, na hiyo ni kazi ya fundi hodari. Joto la chini ya bati na unyevu wa masika hulegeza gundi ya zamani. Kinyume chake, gitaa linalotoa sauti ya uongo kadiri vidole vinavyopanda juu huenda halina ubovu wowote: daraja lake mara nyingi halikugundishwa, limesogea tu, na kulirudisha hakugharimu hata senti. Muuzaji asiyejua hilo hushusha bei mwenyewe.

Rangi mpya inayong'aa isimfurahishe mtu. Kwa wakusanyaji, gitaa lililopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Nyufa nyembamba za rangi ya asili si kasoro.

Umri hupimwa ndani. Kwa tochi na kioo kidogo kupitia tundu, zisomwe tarakimu zilizo mgongoni mwa kile ambacho mafundi redio huita voliumu. Kwenye gitaa la Marekani, 1376633 maana yake ni mtengenezaji CTS (137), mwaka 1966, wiki ya 33. Gitaa haliwezi kuwa kongwe kuliko hapo, isipokuwa voliumu imebadilishwa. Risasi mpya kwenye nyaya itasema. Gibson lenye mhuri "MADE IN USA" nyuma ya kichwa kwa kawaida ni la 1970 au baadaye, hata muuzaji akiapa.

Hesabu ifuate, kwa mfano tu. Bei inayotakiwa Sh. 1,200,000/-, mteja wa Dar es Salaam yuko tayari kwa Sh. 1,700,000/-. Shingo 300,000/-, nyaya na voliumu 80,000/-, nyuzi 40,000/-, usafiri 100,000/-. Ile faida ya laki tano imegeuka hasara ya Sh. 20,000/-.

Bado kuna suala la mwenye mali. Bendi nyingi za dansi nchini zilikuwa za taasisi, kama NUTA Jazz iliyoundwa 1964 na chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, si ya mpigaji. Hati ya mauziano iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, ikitaja namba ya gitaa na jinsi muuzaji alivyolipata. Likivushwa Murongo kwenda Uganda, lipite forodha: gitaa la Ujerumani halihesabiwi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu limekaa Kyerwa miaka arobaini.