SOMO LA VAKANSI KUBWA: WATOTO WETU WADOGO WANACHEZA NA NANI?



Mwanzoni mwa mwezi wa 7 shule za inchi yetu zinafunga, na hazifunguki mpaka mwezi wa 9. Karibu miezi 2 nzima mtoto anabaki lupangoni. Hapa Kivu ni wakati wa kiangazi: vumbi, upepo, robine zisizotoa maji. Mama anatoka asubuhi na mapema kwenda sokoni, baba anatafuta kazi ya siku, na wadogo wanabaki na dada yao wa miaka 9. Ndiyo maana kila mwaka kamati za wazazi zinatuuliza: hawa wadogo tuwafanyishe nini? Somo hili linahusu watoto wa miaka 3 mpaka 8. Vijana wakubwa wana somo lao.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya walezi, yanahusu nini ujenzi wa amani? Yanahusu sana. Shuleni, hata darasa likijaa kupita kiasi, hasa tangu shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa 9 mwaka 2019, mtoto anakaa benchi moja na mtoto wa watu wengine. Wanaazimana kalamu. Vakansi inaondoa lile benchi. Kila mmoja anarudi kwenye avenyu yake, kwenye lugha ya nyumbani, na kwenye maneno ya wakubwa wanaozungumza jioni kando ya mbabula bila kukumbuka kwamba kuna masikio madogo. Na wale ambao vita vya mwaka 2025 vilifunga shule zao huko Goma na pembeni yake waliondolewa lile benchi katikati ya mwaka, bila mtu kuwauliza.

Katika kartie moja tulimsikia mtoto wa miaka 5 akimwambia mwenzake: «Usiguse mpira wetu, ninyi si watu wa hapa.» Mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya migomba na kamba. Yule aliyefukuzwa alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Alilia, dada yake akaja kumtetea, wakavutana, mama wawili wakatoka, na kufikia jioni wanaume walikuwa wakizungumza juu ya mashamba na ya babu zao. Mtoto wa miaka 5 hajui kitu juu ya mashamba. Alirudia tu neno alilolisikia nyumbani, na wakubwa wakalipokea kama lao.

Basi swali la «tuwafanyishe nini» linafuata lile la kwanza: wafanye pamoja na nani?

Zamu ya avenyu

Njia tunayoipenda ni nyepesi na haitaki mfadhili. Jamaa 5 ao 6 zinazokaa karibu zinapatana zamu. Kila asubuhi, tangu saa 3 mpaka saa 6, wakubwa 2 wanabaki na watoto wote wa jamaa hizo, chini ya mti ao kwenye uwanja wa kanisa ao msikiti. Tunasema wakubwa 2, wala si mmoja, na mahali pa wazi ambapo kila mpita njia anaona. Hili halina mjadala: mtoto asiachwe peke yake na mkubwa mmoja mahali pa kujificha, hata mtu huyo awe anaheshimiwa namna gani. Baba na babu nao waingie zamu. Watoto wa kiume wanahitaji kuona mwanaume akiketi chini na kucheza.

Kuanzia wapi, kama majirani hawasalimiani? Kwenye robine. Mama wanaopanga bidoni zao mstari mmoja wanajuana tayari, hata kama waume zao hawataki. Jamaa 2 zinatosha kwa juma la kwanza. Msiite mkutano mkubwa wala chifu. Mkutano unaleta hotuba, na hotuba zinakumbusha watu kwa nini hawasalimiani.

Michezo

Watoto wadogo hawakai muda mrefu kwa jambo moja, badilisheni kabla hawajachoka. Anzeni na mpira wa majina: watoto wanasimama duara, anayerusha mpira anataja jina la anayemrushia. Asiyejua jina anauliza. Kufikia siku ya tatu hakuna tena «wewe wa huko», kuna majina.

Mchezo wa mikeka unawachekesha sana. Tandikeni mikeka ao vitenge 5, pigeni ngoma ao bidoni tupu, watoto wacheze dansi; ngoma ikinyamaza, wote wapande juu ya mikeka. Kila mara mnaondoa mkeka mmoja, lakini hakuna mtoto anayetoka. Mwishoni watoto 12 wanashikana juu ya kitenge kimoja ili asianguke hata mmoja. Kuna watu wanatuambia kwamba mchezo bila mshindi si mchezo. Wajaribu huo wa mikeka kwanza.

Mpira wa miguu hauepukiki, na sisi hatuukatazi. Ila timu zisifanywe kwa avenyu wala kwa lugha. Weka vizibo vya chupa vya rangi mbili ndani ya mfuko, kila mtoto achote kimoja bila kutazama, na kila bao likiingia mchote tena. Aliyekuwa adui dakika chache zilizopita sasa anakupa pasi.

Kwa hadithi, waiteni wazee. Hadithi za Sungura mjanja zinajulikana kwa makabila mengi ya eneo letu, kila moja kwa namna yake. Bibi Mshi asimulie ya kwao, kesho bibi Mnande, keshokutwa Mhunde ao Munyarwanda, na kila mmoja afundishe salamu moja kwa lugha yake. Mtoto akigundua kwamba Sungura wa kwao anaishi pia kwa jirani, hilo ni somo kubwa kuliko hotuba yetu. Kisha waandike majina yao katika vumbi kwa kidole ao ukutani kwa kipande cha makala, wahesabu kwa maharagi. Inatosha, vakansi si shule ya pili.

Chungu kimoja

Hapa ndipo zamu nyingi zinakwama. Wazazi wanakubali watoto wacheze pamoja, lakini kula hapana, kwa sababu ya hofu ya sumu, ile tunayoiita karuho. Hatuwacheki wenye hofu hiyo; imevunja ujirani mwingi hapa Kivu. Tunashauri hivi: kila mtoto alete kikombe kidogo cha unga wa mahindi, mtama ao soya. Unga wote unachanganywa mbele ya macho ya watu, mama 2 wa jamaa tofauti wanapika uji nje, na wao wanakuwa wa kwanza kunywa kutoka chungu kile kile. Mikono inanawiwa kwa sabuni ao majivu, maana kiangazi maji machafu yanaleta kolera. Mzazi ambaye bado hataki, asilazimishwe. Mtoto wake alete chakula chake na aketi na wengine.

Wakicheza vita

Watakata vijiti kuwa bunduki. Watatega kamba njiani na kudai pesa, kama bariera waliyoiona. Msiwapige. Mtoto anacheza yale aliyoyaona, na mara nyingi ndiyo namna yake ya kuyaelewa. Ingieni katika mchezo: «Huyu ameumizwa, muganga yuko wapi? Nani ataenda kuzungumza na wale wa upande ule?» Mchezo utageuka wenyewe. Lakini mtoto anayerudia tukio lile lile kila siku bila furaha, asiyelala, aliyeanza tena kukojoa kitandani, apelekwe kwa mtu anayejua kusikiliza, ao kituo cha afya.

Kazi na hatari

Kazi ndogo ni nzuri: kuchambua maharagi, kuvunja majani ya sombe, kufagia. Mzigo mzito na kuuza njiani, hapana. Na yule dada wa miaka 9? Yeye pia ni mtoto. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao inchi yetu iliuthibitisha mwaka 1990, kinampa haki ya kupumzika na kucheza. Zamu imsaidie yeye wa kwanza.

Chagueni mahali pa kuchezea kwa macho wazi. Mbali na ziwa, kama hakuna mkubwa anayejua kuogelea. Goma na Sake, epukeni mabonde madogo yenye mazuku: hewa ile ni nzito, inakaa chini, haionekani, na mtoto mdogo inamfikia puani kabla ya mkubwa, hasa asubuhi bila upepo. Na chuma chochote kisichojulikana: usiguse, rudi nyuma, mwambie mkubwa. Waimbieni maneno hayo mpaka wayaseme usingizini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kwenye avenyu yetu, ni watoto gani hawachezi na wengine, na nani aliwakataza?

Juma hili, ni maneno gani juu ya majirani tuliyasema mbele ya watoto?

Ni jamaa gani 2 zinaweza kuanza zamu siku ya kwanza ya juma lijalo, na wakubwa 2 wa siku hiyo ni nani?