Dondoo muhimu: Wi-Fi ya vituo vingi katika nyumba za mtaa wa Karavia

Kabla ya kununua kituo cha tatu cha Wi-Fi, pima. Simama karibu na kituo kikuu, pima kasi kwa simu, kisha rudia chumbani. Kama hata pale karibu mambo ni polepole, huenda shida iko kwenye laini inayoingia nyumbani, na vifaa vipya vitakulia pesa bure.

Kuta nene za matofali ya kuchoma hudhoofisha mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila kasi yake ni ndogo. Usiweke kituo cha pili pale ambapo Wi-Fi imekwisha kufa. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado kinapata mawimbi mazuri ya kile cha kwanza. Mimi ningetoboa ukuta nikapitisha kebo: Cat6 hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, inatosha kufika nyumba ndogo ya uani.

Usalama: badilisha nenosiri la msimamizi lililokuja na kifaa, si la Wi-Fi tu. Kwa ulinzi wa Wi-Fi, chagua WPA3, au WPA2 kama simu ni za zamani. Zima WPS (kuunganisha bila kuandika nenosiri), ruhusu masasisho. Kamera na wageni wapewe mtandao wao wa pembeni.

Shirika la umeme SNEL likikata umeme, betri ndogo ya ruta husaidia, lakini soma kwanza adapta: nyingi ni volti 12, nyingine 9. Na kila kituo kinahitaji betri yake. Cha sebuleni kikiwaka peke yake, chumbani hutapata kitu.