Utani Si Dharau

Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aendapo kusoma mbali na kwao, mara nyingi huulizwa maswali yasiyo ya kutaka kujua. Je, kwenu mvua hunyesha? Je, mna chakula kingine zaidi ya uwele? Je, ni kweli kwenu watu hugeuka simba? Wenzake hucheka, naye hucheka pamoja nao, asije akaonekana mwenye hasira. Lakini siku nyingine, mgeni amwulizapo atokako, hutaja mji mwingine. Hapo ndipo twaona kwamba jambo hili si la kupuuzwa, kwani mtoto ameionea aibu nyumba ya baba yake.

Wako watakaosema kwamba huo ni utani tu. Nasi twaupenda utani, wala hatutaki ufe. Lakini utani wa wazee wetu una sheria zake. Kwanza, huenda na kurudi: anitaniaye leo nitamtania kesho, na hakuna aliye juu ya mwenziwe. Pili, una deni ndani yake: mtani ndiye afikaye msibani, akasaidia kazi za mazishi, akawachekesha wafiwa ili machozi yapungue. Mzaha usiorudi na usio na deni lolote si utani. Ni dharau iliyovaa nguo za utani.

Dharau hulishwa na kutojua. Basi tuyatazame hayo yasemwayo juu ya Singida.

Habari ya simba ina kisa cha kweli, nacho si cha kuchekesha. Katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa huko Unyaturu kwa namna iliyofanana na kuraruliwa na simba. Ilipochunguzwa, mkono wa binadamu ulionekana, na baadhi ya watu walihukumiwa kunyongwa. Lakini waliouawa walikuwa wanavijiji wa huko huko. Ni ajabu basi kwamba jina baya limewaangukia waliofiwa, na kilio chao kimekuwa kichekesho cha watu wa mbali.

Habari ya umaskini nayo yataka haki. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni uwanda wa juu, wenye majabali makubwa na mvua ya msimu mmoja tu, ambayo mwaka mwingine hukatika mapema. Apandaye uwele na mtama katika nchi kama hiyo si mjinga. Ameijua mbingu yake. Reli nayo ilijengwa kutoka Manyoni kuelekea Singida katika miaka ya 1930, kisha ikang'olewa katika miaka ya 1940, ikapita miaka mingi kabla ya kurudishwa. Je, mkulima alaumiwe kwa reli aliyonyang'anywa? Na leo, mama aliye mbali akaangapo samaki kwa mafuta ya alizeti, au akatapo kitunguu, huenda analishwa na jasho la Singida bila kujua.

Tena nchi hiyo ina mashujaa wake. Wanyaturu husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yasema nyuki walikuwa silaha yake. Uwanja wa michezo wa mjini Singida, uliojulikana kwa jina la Namfua, sasa waitwa kwa jina lake. Watoto wangapi wachezao hapo wamesimuliwa?

Hata hivyo, fahari nayo ina mtego wake. Katika mkoa huo huo, upande wa Mkalama, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa asali, waliokuwako kabla ya wakulima na wafugaji. Lugha yao yenye sauti za kualika ulimi haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Nao pia huchekwa. Huitwa Watindiga, jina wasilojipa wenyewe. Husemwa kuwa ni watu wa porini wasiojua kitu. Mnyaturu aumizwaye na kicheko cha mjini akimcheka Mhadzabe, ameukubali mzani ule ule uliompunja. Fahari inayotaka mtu wa kukanyagwa ni dharau iliyobadili mahali pa kukaa.

Basi wazazi, kazi yaanzia nyumbani. Wafundisheni watoto salamu za lugha yenu, na sababu ya kulima mnacholima, na majina ya wazee waliotenda mema. Wakisikia kabila lolote likisengenywa mezani, waulizeni: nani amekuambia, nawe umefika huko? Nathanaeli naye alitia shaka kama jambo jema laweza kutoka Nazareti, kijiji cha vilimani. Filipo hakugombana naye. Alimwalika aje aone.

Siku mtoto yule atakapoulizwa tena atokako, na ajibu bila kuinamisha uso: Natoka Singida. Kisha amwulize na mwenziwe juu ya kwao, amsikilize mpaka mwisho.