Sukari Nyuma ya Pakiti: Darasa Fupi Kuhusu Ghishi na Vitafunwa "vya Afya"

Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, nikisema natoka Kilwa wengi wenu hudhani ni ile ya Lindi. Kilwa yetu ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, na ng'ambo ya maji, upande wa Kongo, kuna mji wenye jina hilohilo. Nyumbani kwetu ni Nchelenge, ufukweni. Waislamu tuko wachache, lakini Kiswahili kinavuka ziwa pamoja na samaki wakavu na vitenge. Darasa la leo linatoka huko, tena linatoka kwenye kosa langu mwenyewe.

Bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita Kambo, ana ugonjwa wa kisukari. Zahanati walimwambia aache sukari kwenye chai, naye akaacha. Likizo iliyopita nilitaka kumfurahisha. Nikamnunulia katoni ya kinywaji cha mahindi cha chupa, kilichoandikwa mbele kwamba kina vitamini na kinatia nguvu, pamoja na biskuti za ngano isiyokobolewa zenye picha ya masuke. Nikamwambia, "Kambo, hivi ni vya afya, kula bila wasiwasi." Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Kila siku alikunywa chupa moja na kula biskuti zake.

Wiki ya tatu alianza kuamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, kiu haimwishi, macho yanaona ukungu. Tukampeleka zahanati, sukari ikapimwa, ikawa juu sana. Muuguzi hakumgombeza. Aliuliza anakula nini, akaomba kuiona chupa, akaigeuza nyuma na kunionyesha kwa kidole. Gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, na chupa ilikuwa ya mililita 500. Hiyo ni gramu 50. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo kila siku nilikuwa nampa Kambo zaidi ya vijiko 12 kabla hajagusa biskuti. Tulipotoka nje alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, ulininyima sukari ya kijiko ukaniletea ya chupa." Alhamdulillah, sasa anaendelea vizuri. Ila neno lile halijanitoka.

Nirudi kwenye somo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Sukari huru ni ile inayoongezwa na mtengenezaji, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo ndani ya asali, sharubati na juisi. Sukari iliyo ndani ya tunda zima au maziwa haihesabiwi humo. Kwa maana hiyo, chupa moja ya Kambo ilimaliza kiwango cha juu cha siku cha mtu mzima asiye na ugonjwa.

Sasa tujiulize kifiqhi: je, hapa pana ghishi?

Kwanza, tukumbuke Sahih Muslim, katika riwaya ya Abu Hurayra. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua iliyolowesha. Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Mazingatio yako kwenye neno "juu". Nafaka iliyolowa haikutoweka, ilikuwemo ndani ya lundo hilohilo, na mnunuzi angechimbua angeikuta. Pamoja na hayo, kuifunika kwa nafaka kavu kulihesabiwa kuwa udanganyifu.

Pili, tunayo tasriya. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kumfunga ngamia au kondoo chuchu ili maziwa yajae, mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Muuzaji hajasema uongo hata neno moja. Ni kiwele kilichosema. Jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii, wamempa mnunuzi khiyari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Abu Hanifa ana rai tofauti kuhusu kumrudisha. Tunajifunza kwamba udanganyifu unaweza kufanywa kwa umbo bila kauli. Picha ya masuke ya ngano mbele ya pakiti ni sawa na kiwele kilichofungwa.

Lakini tufanye uadilifu. Mtengenezaji atasema, "Niliandika nyuma." Na kweli, kasoro ikitajwa kwa mnunuzi si ghishi tena. Mfano mzuri uko kwetu Zambia: tangu mwaka 1998 sukari ya nyumbani huongezwa vitamini A, kwa lengo jema la kuwakinga watoto na upofu na vifo vinavyotokana na upungufu wake. Maandishi ya vitamini A kwenye mfuko wa sukari ni ya kweli. Ila sukari haipungui kwa kuwa na vitamini, na neno la kweli linaweza kumpeleka mtu kwenye dhana ya uongo. Kwa hiyo mimi, mwanafunzi tu, sithubutu kutoa hukumu ya haramu juu ya kila pakiti. Ninachokiona ni kwamba kuandika nyuma kwa herufi za sisimizi, huku mbele umechora afya, kuko karibu zaidi na lile lundo la nafaka kuliko na kutaja kasoro. Nchi ya Chile mwaka 2016, na Mexico mwaka 2020, zililazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti kwa chakula chenye sukari nyingi. Sijui kama waliotunga sheria hizo walimfikiria Mtume wetu, lakini walichofanya ni kuleta juu kilichokuwa chini.

Tatu, mnunuzi naye ana wajibu. Qur'ani imetuamrisha kula kilicho halali na pia kilicho twayyib (2:168). Nembo ya halali inajibu swali la kwanza tu. La pili unalijibu kwa kugeuza pakiti:

1. Soma orodha ya viambato. Kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshajua.

2. Jua majina yake mengine: glukosi, fruktosi, dekstrosi, sharubati ya mahindi, juisi iliyokolezwa, asali.

3. Chukua gramu za sukari za pakiti nzima, gawanya kwa 4, upate vijiko. Angalia usije ukasoma za gramu 100 ukala 300.

4. "Haina mafuta" haimaanishi haina sukari. "Haikuongezwa sukari" nayo haimaanishi haina: juisi ya matunda inayo yake. Mtindi wenye ladha una sukari ya maziwa na ya kuongezwa, ulinganishe na mtindi wa kawaida wa kampuni hiyohiyo.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Kuna ndugu na dada wanaouza vitafunwa mabwenini, na meza yetu ya Ijumaa pia inauza. Tusiseme "hii ya afya" kwa kitu ambacho hatujakigeuza. Tukiuza, tumwambie mwenzetu idadi ya vijiko, kisha achague. Na karanga za kukaanga, mihogo ya kuchemsha na ndizi, vyakula ambavyo Kambo amevirudia, havihitaji pakiti ya kugeuza.

Maswali ya halaqa: Je, khiyari ya tasriya inaweza kukisiwa kwenye bidhaa iliyokwisha kuliwa? Muuzaji wa rejareja asiyejua kilichomo ana dhambi? Je, mwenye kumpa mgonjwa zawadi bila kusoma, kama nilivyofanya, anasalimika kwa nia yake njema?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.