Kabla Hujachoma Chungu Chako cha Kwanza

Umejiandikisha darasa la ufinyanzi hapo mtaani, iwe Meru mjini, Chuka, Runyenjes au Embu? Hongera sana. Huhitaji gurudumu wala umeme. Mikono yako na udongo vinatosha, ila uje na subira, maana vyungu vingi vya wanagenzi huharibiwa na haraka.

1. Pima udongo kwa kidole. Si kila udongo mwekundu unaotia doa kwenye viatu unafaa kufinyangia. Lowesha kidogo, sokota kamba, izungushe kidoleni. Ikikatika au kupasukapasuka, tafuta udongo mwingine. Ule mweusi wa tambarare za Mwea utakupendeza kwa jinsi unavyonata, lakini tazama mashamba ya huko wakati wa kiangazi: nyufa zinaweza kummeza mtoto mguu. Chungu chako nacho kitapasuka vivyo hivyo.

2. Usitupe vigae. Twanga vyungu vilivyovunjika, chekecha, kisha changanya na udongo mbichi, sehemu moja ya vigae kwa nne au tano za udongo. Vigae vimekwisha kupita motoni, havinywei tena, kwa hiyo hupunguza nyufa na kuupa mvuke njia ya kutokea.

3. Anza na kikombe. Mtungi utakuja. Tia dole gumba katikati ya donge, bana huku ukizungusha. Usihangaike kufanya ukuta mwembamba; hangaika uwe na unene mmoja, kwa sababu penye unene tofauti hukauka kwa nyakati tofauti, na hapo ndipo ufa huanzia.

4. Kamba juu ya kamba. Maji matupu hayaunganishi. Kwaruza pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo, bana mpaka mshono upotee ndani na nje. Ukishapandisha kamba tatu nne, pumzisha kazi ishike, la sivyo itajikalia chini. Na mwombe mwalimu akuonyeshe ufundi wa akina mama wa Ukambani na Ugikuyu: walianza na nusu ya juu pamoja na mdomo, wakaiacha ikaze, wakaigeuza, ndipo wakaziba kitako. Ni njia ya werevu mno, kwa kuwa sehemu laini haibebi uzito wowote.

5. Kausha kwa mwendo wa kobe. Kivulini, mbali na upepo, mdomo ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kibichi, kwa sababu mdomo hukimbilia kukauka kabla ya kitako. Usitegemee mifuko ya plastiki kufunikia, ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Gunia kuukuu lililoloweshwa au beseni la kufunikia hufanya kazi hiyo vizuri. Kule Siakago na Tharaka joto litakuhimiza. Kule juu, kwenye baridi na mawingu ya Julai, ongeza siku. Chungu kikiwa kimekauka nusu, hakibonyei lakini kucha bado inaacha alama, kisugue kwa kokoto laini ya mtoni mpaka king'ae. Siku ya kuchoma ukitaka kuwa na hakika, kiguse kwa shavu. Kikiwa baridi, maji bado yamo.

6. Heshimu moto. Wengi huambiwa kwamba hewa iliyobaki ndani ndiyo hulipua chungu. Mlipuaji ni mvuke. Kwa hiyo kwanza kipashe kando ya moto kwa saa kadhaa, ndipo ukizungushie kuni na nyasi. Chini ya nyuzi 600 hivi za Selsiasi bado ni tope, ukiliweka majini litalainika. Je, unataka cheusi? Kinyime hewa mwishoni. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kusifiwa duniani kote, hujenga kazi zake kwa mikono, huzisugua bila kuzipaka rangi ya kioo, na weusi wake hutokana na moto usio na hewa ya kutosha.

7. Vumbi la udongo ni adui wa mapafu. Usifagie, futa kwa kitambaa kibichi.

8. Tafuta shosho. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, aliandika kwamba ufinyanzi wa Wagikuyu ulikuwa kazi ya wanawake. Wanaume karibuni darasani, lakini maarifa mengi bado yako mikononi mwa akina bibi. Ukimpata aliyefinyanga ujanani, mtembelee na sukari na majani ya chai, umwombe akuoneshe. Maswali yasubiri, tazama vidole vyake kwanza.

9. Chungu kipya hunywa maji. Kipikie uji mwepesi kwanza, uzibe vitundu. Kisha kianzishe na moto mdogo kila mara, na usikimwagie maji baridi kikiwa jikoni. Githeri ikikaukiwa, ongeza maji ya moto.