Damu Ikivilia Chini ya Ngozi

Muuguzi akiuliza mgonjwa ameumia vipi, jibu analopata mara nyingi ni "kaumia mguu" au "kachubuka kidogo". Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii. Goti lililokwaruzwa na lami, paja lililogongwa na bodaboda hadi damu ikavilia ndani, na kichwa kilichopasuka kwa kuangukia ukingo wa ngazi ni majeraha matatu, na kila moja lina hatari yake. Kijitabu hiki kinahusu zaidi lile la pili. Halimwagi damu nje, ndiyo maana hudharauliwa.

Kinachotokea ndani

Ngumi, jiwe, sakafu au kitu chochote butu kinaweza kupasua mishipa midogo ya damu bila kuichana ngozi. Damu huvujia kwenye nyama na mafuta yaliyo chini yake, na haina pa kutokea. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, kama kwenye paji la uso, hukusanyika na kuinua nundu. Penye nyama nyingi, kama pajani, husambaa kimyakimya; damu nyingi inaweza kupotelea humo kabla hujaona alama yoyote.

Baadaye mwili huanza kuivunja damu hiyo na kuiondoa. Alama huanza nyekundu au zambarau inayokaribia weusi, ikaingia ukijani, kisha manjano, mwisho udhurungi hafifu. Umanjano huo unatokana na kemikali ileile inayoyageuza macho ya mgonjwa wa ini. Mvilio wa kawaida huisha kwa wiki mbili hivi, na wa mguuni huchelewa kuliko wa usoni.

Wengi huamini kwamba rangi inaweza kutaja siku ya pigo. Haiwezi. Mivilio miwili ya siku moja, kwenye mwili mmoja, inaweza kuwa na rangi tofauti. Linaloweza kusemwa ni kwamba umanjano haujitokezi mapema: ukiuona, yaelekea pigo lina zaidi ya saa 18. Anayekutajia siku kamili kwa kutazama rangi tu anabahatisha.

Tena rangi hizo zimeelezwa sana kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu na ukijani huweza kufichika kabisa, ukaona tu sehemu iliyoiva weusi zaidi au ngozi iliyovutika na kung'aa. Kwa hiyo tumia mkono pamoja na macho. Mpeleke mgonjwa kwenye mwanga wa mchana, linganisha upande ulioumia na ule mzima, kisha pitisha mgongo wa vidole taratibu ukitafuta joto, ugumu, uvimbe na mahali anaposhtuka kwa maumivu.

Mvilio pia huteremka. Mtoto aliyegonga paji la uso Jumatatu anaweza kuamka Jumatano macho yamevimba na kuzungukwa na weusi, mzazi akadhani amepigwa shuleni. Ni damu ileile, imeshuka.

Saa za mwanzo

Pumzisha sehemu iliyoumia, iinue juu ikiwezekana, na uipoze kwa dakika 10 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu ya mfuko kutoka dukani inafaa, ila izungushie kitambaa; ikigusa ngozi moja kwa moja huiunguza. Pasipo barafu, kanga iliyoloweshwa maji ya mtungini inatosha.

Hapa ndipo tunapokosana na bibi, ambaye maji ya chumvi yameshachemka jikoni. Maji ya moto hayana ubaya, ubaya ni siku. Joto hupanua mishipa, na mishipa iliyopasuka ikipanuliwa huvuja zaidi. Subiri siku mbili zipite, ndipo bibi akande kwa kitambaa cha uvuguvugu, bila kukandamiza. Kuchua kwa nguvu uvimbe mgumu wa pajani hakufai hata baada ya hapo, kwani huweza kuanzisha damu upya, na wakati mwingine nyama iliyoumia hujijengea mfupa ndani yake.

Kuchanja chale au kupiga chuku ili "kutoa damu mbaya" tunakukataza kabisa. Ngozi iliyobaki nzima inazuia vijidudu. Ukiichanja, unavifungulia njia ya kuingia kwenye damu iliyotuama. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuleta VVU na homa ya ini, na wenye uchafu ukaleta pepopunda.

Kwa maumivu, parasetamoli. Aspirini huzuia damu kuganda, na ibuprofeni na diklofenaki nazo hufanya hivyo kwa kiasi. Dar es Salaam, ambako homa ya dengue ililipuka mwaka 2014 na tena 2019, ni hatari kuzimeza bila ushauri mwili ukiwa na joto, maana dengue yenyewe huweza kumtoa mtu damu.

Usisubiri asubuhi

Aliyegongwa kichwa akitapika tena na tena, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa, au akapata weusi nyuma ya sikio, apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika aliyeangukia usukani wa baiskeli au kugongwa tumboni, hata kama alama ni ndogo kama sarafu: chini yake kuna ini na wengu, na wengu uliopasuka unaweza kumaliza mtu taratibu huku akisema anaumwa tumbo tu. Mguu au mkono uliovimba ukakaza, ukauma kupita jeraha linavyoonekana, vidole vikafa ganzi, nao ni wa dharura. Usiufunge bendeji ya kubana.

Wapo wanaovilia damu bila kugongwa. Mzee mwenye ngozi nyembamba, au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupata alama kwa kugusana na kiti. Lakini mtoto mwenye mivilio isiyo na sababu, fizi zinazotoka damu na puani vilevile, apimwe damu. Mvulana aliyetoka damu bila kukatika alipotahiriwa, na sasa magoti yanavimba kila akicheza, huenda ana himofilia. Ugonjwa huo wa damu isiyoganda hurithiwa kupitia mama, kwa hiyo mweleze daktari pia kuhusu wajomba zake. Vidoa vidogo vyekundu au zambarau visivyopotea ukivikandamiza kwa glasi, pamoja na homa, vinaweza kuwa dalili ya maambukizi makali ya damu au homa ya uti wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi vitafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope.

Ukifika kwa daktari

Sema mahali, ukubwa, umbo, lini na kwa kitu gani. "Nje ya paja la kulia, upana wa kiganja, jana jioni, alianguka kwenye ngazi" ni maelezo yanayotibika. Kama ngozi imekwaruzika juu juu, sema ni mchubuko. Kama imepasuka kwa kitu butu, kingo zake huwa zimechanika ovyo. Iliyokatwa kwa kisu huwa na kingo laini. Daktari hutibu majeraha hayo kwa njia tofauti, na mahakama nayo hutofautisha.

Umbo nalo husema. Fimbo huacha mistari miwili iliyokwenda sambamba, katikati pakabaki peupe, kwa sababu damu husukumwa pembeni. Vidole vilivyokaba mkono huacha vidoa vya mviringo. Vikombe vya hijama navyo huacha miduara, kwa hiyo kama umefanyiwa, taja kabla hujaulizwa.

Kwa watoto wadogo tuseme wazi. Anayetembea huumia ugokoni, magotini na kwenye paji la uso, na hayo ni maisha. Mtoto mchanga asiyeweza hata kujigeuza hana namna ya kujigonga. Mvilio wowote mwilini mwake unahitaji daktari. Kwa aliye chini ya miaka 4, alama za sikioni, shingoni au kiwiliwilini zinatakiwa kuulizwa, hata kama jibu litaudhi ukoo. Ila usimhukumu mama kwa baka la rangi ya samawati na kijivu juu ya makalio ya mtoto. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo, haliumi, halibadiliki rangi wiki kwa wiki, na hufifia anapokua. Mwombe mkunga aliandike kwenye kadi ya kliniki siku ya kwanza.

Ukiwa na simu, piga picha mwangani, rula au sarafu ikiwa kando ya alama, na urudie kesho yake. Ukiona mtoto anaumizwa, piga 116, Tanzania na Kenya pia. Kwa jeraha la kupigwa, polisi wa Tanzania hutoa fomu ya PF3 na wa Kenya P3, daktari akaijaza. Mgonjwa aliye hatarini aanze kwa daktari. Nchini Kenya katiba, ibara ya 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na fomu inaweza kufuatwa na ndugu wakati yeye anatibiwa.