Kidonge cha Kutuliza Moyo Wakati wa Mtihani

Kijana atokaye Umwe, Rufiji, akiingia chuo kikuu huko Dar es Salaam, hukabiliwa na mitihani mizito. Moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka. Mwenzake humnong'oneza: "Meza propranololi, utatulia." Je, yafaa kufuata shauri hilo?

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Ilitokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, naye akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Mtu akiogopa, mwili hutoa adrenalini iuhimizayo moyo. Propranololi huizuia amri hiyo isiufikie moyo, nao hupiga polepole. Basi hutuliza dalili za hofu. Haimfundishi mtu somo asilolisoma.

Pili, tuyajue madhara yake. Mwenye pumu yaweza kumbana pumzi hata kumwua. Mwenye kisukari humfichia dalili za kupungukiwa sukari, kama vile kutetemeka. Aliyeizoea akiiacha ghafla, moyo waweza kumwenda mbio kuliko kwanza. Kwa sababu hiyo hutakiwa cheti cha daktari.

Kuogopa mtihani si aibu. Lakini mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana haijaribiwi kwa kubahatisha. Kijana asome mapema, alale vya kutosha, aombe dua. Na hofu ikizidi, amwendee daktari, amweleze maradhi yake yote. Kidonge kilichomfaa mwenzako chaweza kukudhuru wewe.